NGUVU KATIKA UDHAIFU: MAISHA YA CHARLOTTE ELLIOTT, MTUNZI WA "HIVI NILIVYO"



Katika kurasa zilizotangulia mmesoma historia ya kwaya yetu tangu ilipoanza, walimu walioifundisha, safari tulizoenda na kanda tulizorekodi. Kamati ya jubilei iliona vyema tusisahau wale waliotuachia nyimbo tunazoimba. Mmoja wao ni mwanamke aliyeishi mbali nasi, aliyefariki zaidi ya miaka 150 iliyopita, na ambaye hakuna mwanakwaya hapa asiyeijua kazi yake, hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Wimbo wake tunaujua kama "Hivi Nilivyo". Tumeuimba kwenye mikutano ya injili, kwenye Meza ya Bwana, siku za kipaimara, hospitalini na makaburini. Wako washirika waliookoka ukiimbwa, na wako tuliowasindikiza ukiimbwa.

Tumemchagua kwa sababu moja zaidi. Kwaya yetu inasherehekea miaka 50 ya kuimba. Charlotte Elliott naye alikuwa na miaka yake 50, ila yake ilikuwa miaka 50 ya ugonjwa.

NYUMBA YA CLAPHAM

Charlotte alizaliwa tarehe 18 Machi 1789 huko Clapham, ambayo siku hizo ilikuwa kijiji kando ya London na leo imemezwa na jiji. Baba yake, Charles Elliott, alikuwa mfanyabiashara wa hariri. Mama yake, Eling, alitoka katika ukoo wa Venn, ukoo wa wachungaji. Babu yake mzaa mama, Henry Venn, alikuwa mhubiri aliyejulikana sana katika uamsho wa Uingereza. Mjomba wake, John Venn, ndiye aliyekuwa kasisi wa kanisa la Clapham wakati Charlotte akikua.

Kanisa hilo halikuwa la kawaida. Katika viti vyake walikaa watu kama William Wilberforce, mbunge aliyepigana kwa miaka mingi mpaka Bunge la Uingereza likapiga marufuku biashara ya watumwa mwaka wa 1807. Charlotte alikuwa msichana wa miaka 18 wakati huo. Miaka minane kabla, mwezi wa Aprili 1799, mjomba wake John Venn alikuwa mwenyekiti wa mkutano ulioanzisha chama cha wamisionari cha CMS. Jina hilo halihitaji kuelezwa kwa Mkenya. Tutalirudia baadaye.

Kwa hiyo mtoto huyu alilelewa katikati ya watu wa vitendo. Kaka zake wawili, Henry na Edward, walisoma Cambridge wakawa makasisi. Kila mtu pale nyumbani alikuwa na kazi ya kumfanyia Mungu, na kazi hiyo ilionekana. Charlotte mwenyewe hakuwa msichana wa kukaa kimya. Alikuwa na akili nyepesi na kipaji cha kuchora sura za watu, na aliandika mashairi ya kuchekesha ambayo marafiki waliyafurahia. Alipenda muziki na mazungumzo. Mtu angemwangalia akiwa na miaka 25 angesema kwamba maisha yako mbele yake.

MWILI UNAPOKATAA

Mwaka wa 1821, akiwa na miaka 32, alishikwa na ugonjwa mkali. Hakufa, lakini pia hakupona. Tangu hapo akawa mtu wa kuugua. Ziko siku alizoweza kutembea, kupokea wageni na hata kusafiri. Ziko nyingine nyingi ambazo alilala kwenye sofa au kitandani bila nguvu ya kufanya jambo lolote. Ugonjwa wake haukuwa na jina moja ambalo tungeweza kulitaja leo. Uchovu ulimshika usiomwacha hata baada ya kulala, pamoja na maumivu, na moyo uliozama mara kwa mara.

Wagonjwa wa muda mrefu wataelewa kilichofuata. Wiki ya kwanza watu hujaa nyumbani. Mwezi wa kwanza huleta matunda na maombi. Mwaka unapopita, kila mtu hurudi kwenye shughuli zake, na mgonjwa hubaki akihesabu mbao za dari. Charlotte alianza kuwa mtu wa hasira za karibu. Maswali yalimsumbua. Alikuwa amezaliwa katika nyumba ya imani, alijua Maandiko, alijua nyimbo, lakini hakuwa na hakika kwamba Mungu anampenda yeye. Kujua habari za dini na kuwa na amani moyoni aliona ni vitu viwili tofauti.

MGENI KUTOKA GENEVA

Mwaka wa 1822 nyumba ya Elliott ilimpokea mgeni kutoka Uswisi, mchungaji César Malan wa Geneva. Malan alikuwa mhubiri na pia mtu wa muziki aliyetunga nyimbo nyingi za Kifaransa. Jioni moja, wakizungumza, alimwuliza Charlotte waziwazi kama alikuwa Mkristo kweli, kama alikuwa amempa Kristo moyo wake.

Swali hilo lilimchoma. Alikuwa binti wa ukoo wa wachungaji, katika nyumba ambamo kila asubuhi watu waliomba. Alimjibu kwamba asingependa kuzungumza jambo hilo pale. Malan hakubishana naye. Alimwambia kwa upole kwamba hatalisukuma, ila atamwombea.

Baada ya siku kadhaa walipokutana tena, ni Charlotte aliyeanza. Alimwomba radhi kwa jinsi alivyomjibu, akamweleza ukweli: swali lile halikumtoka akilini. Alitaka kuja kwa Kristo lakini hakujua aje vipi. Alifikiri kwamba lazima kwanza ajitengeneze, aishinde hasira yake, atulize mashaka yake, awe na moyo wa shukrani badala ya manung'uniko, ndipo astahili. Malan alimjibu kwa maneno machache kwamba asingoje kujitengeneza. Aje vile alivyo.

Tangu mwaka huo, kila tarehe 9 Mei, Charlotte aliiadhimisha kama siku ya kuzaliwa kwake mara ya pili. Yeye na Malan waliandikiana barua kwa takriban miaka 40, mpaka Malan alipofariki mwaka wa 1864.

Hapa mtu angetarajia kusikia kwamba Charlotte aliinuka kutoka kitandani akiwa mzima. Haikuwa hivyo. Aliokoka akiwa mgonjwa, na akaendelea kuwa mgonjwa. Jamaa yake walihamia Brighton, mji ulio kando ya bahari kusini mwa Uingereza, na hewa ya bahari ilimsaidia kidogo, lakini mwili haukurudi ulivyokuwa. Katika barua yake moja alieleza kwamba Mungu peke yake ndiye aliyejua vita vyake vya kila siku: kuamka akiwa na mwili unaomvuta chini, na kuamua upya, asubuhi baada ya asubuhi, kutojiachilia kwa uvivu, kwa huzuni na kwa hasira. Alikuwa amepata amani na Mungu, lakini vita vya mwili na moyo alivipigana kila kulipokucha.

SIKU YA HARAMBEE

Kaka yake Henry alikuwa kasisi wa kanisa la St Mary's mjini Brighton. Alikuwa na mzigo moyoni kuhusu makasisi maskini ambao hawakuwa na uwezo wa kuwasomesha binti zao. Akaazimia kujenga shule kwa ajili ya wasichana hao. Shule hiyo, St Mary's Hall, ilifunguliwa mwaka wa 1836.

Kujenga shule kunataka pesa, kama sisi sote tunavyojua. Kwa hiyo iliandaliwa sherehe ya kuuza vitu vilivyotengenezwa kwa mikono, ili faida iende kwa ujenzi. Sisi tungeiita harambee. Nyumba ya Elliott ikawa kama mzinga wa nyuki. Huyu anashona, yule anapanga meza, mwingine anaandika orodha, watoto wanatumwa huku na huku. Kila mmoja alikuwa na kazi isipokuwa Charlotte. Yeye alilala kwenye sofa akiwatazama wakipita.

Habari za siku hizo zilihifadhiwa na jamaa yake, na Askofu Handley Moule wa Durham, aliyekuwa na uhusiano na ukoo huo, aliziandika baadaye. Usiku uliotangulia harambee Charlotte hakulala. Fikira moja ilimzunguka: yeye ni mzigo. Wengine wanajenga shule ya Bwana, naye hawezi hata kubeba kikapu. Na kutoka fikira hiyo akateleza hadi nyingine mbaya zaidi. Je, maisha yake yote ya rohoni si ndoto tu? Je, si ni hisia za mgonjwa aliyekosa la kufanya?

Kesho yake watu wote waliondoka kwenda kwenye sherehe. Nyumba ikanyamaza. Alibaki peke yake kwenye sofa na mashaka yale yale. Ndipo akaamua kupigana nayo. Hakuanza kwa kutazama hisia zake, kwa sababu hizo zilikuwa zimemwangusha usiku kucha. Alianza kwa kukumbuka mambo ambayo hayabadiliki mtu akilala au asipolala: msalaba, msamaha, na ahadi ya Bwana kwamba hatamtupa nje kamwe yeyote anayemjia, ile iliyoandikwa katika Yohana 6:37. Akachukua kalamu na karatasi, akajiandikia mwenyewe msingi wa imani yake kwa beti.

Huenda shauri la Malan la miaka kumi na zaidi iliyopita lilimrudia, maana kila ubeti unaanza na neno lile lile la kuja kama mtu alivyo, na kila ubeti unaishia kwa kuja kwenyewe. Katikati ametaja kila kitu kilichokuwa kikimsumbua kwenye sofa ile: mashaka, vita vya ndani, hofu, umaskini wa roho, upofu. Hakuficha hata kimoja.

Watu walirudi jioni wakiwa na habari za harambee. Mke wa kaka yake aliingia kumjulia hali, akaziona beti, akaomba nakala. Hivyo ndivyo wimbo ulivyotoka nje ya chumba kile.

WIMBO UNAPATA MIGUU

Mwaka wa 1836 wimbo huo ulikuwa tayari umechapishwa katika kitabu cha nyimbo kilichotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa, ambacho Charlotte mwenyewe alisaidia kukitayarisha. Tuliangalie jambo hilo. Wimbo ambao leo unaimbwa na maelfu uwanjani ulitoka kwanza katika kitabu cha watu waliolala vitandani. Chini ya kichwa chake kuliwekwa andiko lile la Yohana 6:37.

Charlotte hakuweka jina lake. Nyimbo zake nyingi zilitoka hivyo, bila jina la mtunzi. Inasimuliwa kwamba wakati mmoja daktari aliyemtibu alimletea karatasi yenye wimbo uliochapishwa, akitumaini utamfariji mgonjwa wake. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe, na daktari hakujua.

Karatasi za wimbo huo ziliuzwa na pesa zikasaidia ile shule ya St Mary's Hall. Yule mwanamke aliyelia usiku kucha kwa kuwa hana la kuchangia alikuja kuchangia kuliko meza zote za harambee. Kaka yake Henry, baada ya miaka mingi ya kuhubiri, alikiri kwamba matunda aliyoyaona ya kazi yake yote ni machache kuliko yaliyoletwa na wimbo mmoja wa dada yake.

Dora, binti wa mshairi maarufu wa Kiingereza William Wordsworth, alipokuwa akifa mwaka wa 1847, alisomewa wimbo huu, naye akaomba arudiwe kusomewa siku baada ya siku.

Kuhusu sauti, wanakwaya watapenda kujua kwamba tuni tunayoitumia haikuandikwa kwa ajili ya maneno haya. Ni ya Mmarekani William Bradbury, aliyeichapisha mwaka wa 1849, na inaitwa Woodworth. Charlotte aliandika mistari mitatu mirefu na wa mwisho mfupi. Tuni ya Bradbury ilikuwa na mistari minne iliyolingana. Maneno yalipounganishwa na tuni hiyo, mstari wa mwisho ulipungukiwa, kwa hiyo ikabidi maneno ya kuja yarudiwe mara mbili. Basi kule kurudia ambako sauti zote nne hulegea pamoja na watu huanza kufuta machozi, kulitokana na hitaji la kujaza tuni.

Katika karne ya 20 wimbo huu uliambatana sana na mhubiri Billy Graham. Yeye mwenyewe alitoka mbele na kutoa maisha yake kwa Kristo akiwa kijana mwaka wa 1934 katika mkutano ambao wimbo huo uliimbwa, na baadaye aliufanya kuwa wimbo wa mwaliko katika mikutano yake kwa miongo mingi. Mwaka wa 1960 alikuja Kenya, akahubiri Kisumu na Nairobi.

BINAMU YAKE NA PWANI YETU

Tulisema tutarudi kwa CMS. Mjomba wake Charlotte, yule John Venn wa Clapham, alikuwa na mtoto aliyeitwa Henry kama babu yake. Henry Venn huyu, binamu wa Charlotte, ndiye aliyekuwa katibu wa CMS kuanzia mwaka wa 1841 kwa takriban miaka 30. Barua za wamisionari kutoka pande zote za dunia zilipita mezani pake.

Miongoni mwa barua hizo zilikuwemo za Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844. Miezi michache baada ya kufika, mke wake Rosina alijifungua mtoto wa kike, na homa ikawachukua wote wawili, mama na mtoto. Kaburi lao lipo mpaka leo upande wa Nyali. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kiasi kwamba hakujua kama ataishi. Hata hivyo aliiandikia kamati London kwamba kaburi lile ni alama, kwamba kazi ya Mungu katika nchi hizi imeanza na haitarudi nyuma. Mwaka wa 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo cha Rabai. Rebmann alikaa Afrika Mashariki miaka 29 bila kwenda kwao hata mara moja, na aliporudi mwaka wa 1875 alikuwa kipofu.

Tunayataja haya kwa sababu ni ukoo mmoja na roho moja. Binamu mmoja alikaa ofisini akituma watu, na alifundisha kwamba kanisa changa lazima lifikie kujitawala, kujitegemea na kujieneza lenyewe. Binamu mwingine alilala Brighton akiandika nyimbo. Huku kwetu mtu alisimama kando ya kaburi la mkewe bila nguvu za mwili. Katika wote hakuna aliyekuwa na nguvu za kutosha kwa kazi aliyopewa. Kanisa letu limejengwa kutokana na udhaifu wa watu wa namna hiyo, na kwa neema ile anayoisema Paulo katika 2 Wakorintho 12:9.

HAKUPONYWA

Siku hizi tunasikia mafundisho mengi kwamba mtu mwenye imani ya kweli hawezi kukaa katika ugonjwa. Wako wapendwa wetu walioambiwa kwamba wanaugua kwa kuwa hawakuomba vya kutosha, hawakutoa vya kutosha, au wameficha dhambi. Wengine wameacha kuja kanisani kwa aibu, kana kwamba kisukari au shinikizo la damu ni ushahidi dhidi ya wokovu wao. Maisha ya Charlotte Elliott yanatusaidia hapa, na tusiyapite haraka.

Sisi tunaamini kwamba Mungu huponya, na katika miaka hii 50 tumeshuhudia. Lakini Charlotte aliomba, aliamini, alizungukwa na watu wa maombi, na hakuponywa. Alizidi kupata misiba. Mke wa kaka yake, Julia, ambaye naye alikuwa mtunzi wa nyimbo, alifariki mwaka wa 1841 akiacha watoto wadogo. Mama yake alifariki katika miaka hiyo hiyo. Mwaka wa 1865 alimzika kaka yake Henry, ambaye alitazamia atamtangulia. Alikuwa mdhaifu kuliko wote, na aliwasindikiza karibu wote.

Katika hayo yote aliendelea kufanya kazi. Kwa miaka 25 alihariri kijitabu cha kila mwaka chenye andiko na fikira za kila siku. Alitunga nyimbo karibu 150. Mojawapo iliyopendwa sana ilihusu kumwachia Baba mapenzi yake yatimizwe hata anapochukua kile mtu alichokishika sana. Aliandika akiwa anajua anachosema, ndiyo maana wagonjwa na wafiwa walimsikia.

Katika miaka yake ya mwisho hakuweza tena kwenda ibadani. Alisema kwamba Biblia yake ndiyo kanisa lake, ambalo mlango wake uko wazi wakati wote, na kwamba Kuhani Mkuu yuko humo daima akimngoja.

Alifariki Brighton tarehe 22 Septemba 1871 akiwa na miaka 82. Miaka 50 ilikuwa imepita tangu ugonjwa ule wa 1821. Jamaa yake walipopanga vitu vyake walikuta barua zaidi ya elfu moja, zilizotoka kwa watu wa kila namna, wakimshukuru kwa wimbo ule mmoja. Alikuwa amezitunza.

TUNAYOJIFUNZA KATIKA JUBILEI HII

Kwanza, tusingoje kuwa wazima ndipo tumtumikie Bwana. Mwanakwaya anayesema atarudi kwaya akishapata kazi, akishamaliza deni, akishatulia nyumbani, akishaishinda tabia fulani, atangoja sana. Charlotte alingoja hivyo mpaka miaka 33, na alichogundua ni kwamba mlango ulikuwa wazi wakati wote.

Pili, mashaka yanapokuja usiku tusiyajibu kwa hisia. Tuyajibu kwa yale ambayo Mungu amesema. Charlotte hakungoja ajisikie vizuri ndipo aandike. Aliandika ndipo akatulia. Nyimbo tunazojifunza kwa moyo siku za mazoezi, Jumatano na Jumamosi, ni akiba. Siku itafika ambapo mtu hawezi kusoma wala kuomba kwa maneno yake mwenyewe, na ubeti aliouhifadhi utamwombea.

Tatu, tuwakumbuke walio kwenye sofa. Katika picha ya kwanza ya kwaya hii, iliyo kwenye jalada la kijitabu hiki, wako waliokwenda kwa Bwana, na wako walio hai ambao hawatafika leo. Magoti hayawaruhusu, au pumzi, au macho. Baadhi yao walibeba kwaya hii mabegani wakati hatukuwa na kinanda wala sare. Yawezekana asubuhi ya leo, majirani wote wakiwa wametoka kuja kwenye sherehe na nyumba zao zikiwa kimya, wanajiuliza kama bado wana faida yoyote. Tusiwaache na swali hilo. Kamati imepanga vikundi vinne, kila kimoja na sauti zote, viwatembelee Jumapili alasiri kwa mwezi mzima baada ya jubilei. Jina lako halimo? Ongea na katibu. Tukifika kwao tusiwaimbie tu, tuwaombe nao watuimbie, na watuambie ni wimbo gani umewashika miaka hii. Huenda ndani ya nyumba moja kuna beti ambazo hazijasomwa na mtu.

Katika ibada ya shukrani leo, wimbo wa mwaliko utakuwa "Hivi Nilivyo". Kwaya itaimba beti za kwanza, kisha usharika wote utajiunga tukisimama. Asiyeweza kusimama akae, aimbe akiwa amekaa. Mtunzi aliuandika akiwa amelala.

Bwana atubariki sote na kutupa nguvu mpya katika udhaifu wetu. Amina.